Mashindano ya Sarafu Moja

Nilipima muda wa mchezo kwa kucheza mwenyewe. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani baadaye kwamba kosa lilikuwa la mashine, au la mjomba, au la umeme wa Malindi, ingawa umeme nao una lake. Mimi, mtu ambaye hata kufunga kamba za viatu hunishinda nikiharakishwa, nilisimama mbele ya mashine ile, nikatia shilingi, nikapigwa, nikatia nyingine, nikapigwa, kisha nikawageukia watu wazima waliokuwa wakinisubiri na kuwaambia kwa sauti ya kijana aliyemaliza kidato cha nne: "Sarafu moja ni kikombe kimoja cha kahawa. Haizidi hapo."

Nasema kahawa chungu, ile ya kikombe kidogo kisicho na mkono, unayoimaliza kabla hujapata la kusema.

Mashine ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama. Alikuwa na hoteli ya chai katika mji wa kale, karibu sana na msikiti, na biashara ilikuwa imelala tangu vijana waanze kwenda kunywa soda zao kule stendi ya mabasi. Ikatokea hoteli moja ya watalii ufukweni ikanunua mashine mpya za michezo, hii kuukuu ikatupwa stoo, na fundi wa umeme aliyekuwa na kibarua huko, mtu wa Jilore, akamletea mjomba habari. Ikaja kwa mkokoteni, imefunikwa shuka gubigubi kama bibi harusi, na nusu ya mtaa nyuma yake.

Lilikuwa kabati refu kunipita, lina kioo kama cha televisheni, na chini ya kioo kijiti cha kuongozea na kitufe chekundu cha kupigia risasi. Mchezo wenyewe ni huu: wadudu wanashuka kutoka juu kwa mistari, wanakurushia risasi, na wewe una kichombo kidogo huku chini, unawapiga kabla hawajakufikia. Kwa shilingi moja unapewa roho tatu. Zikiisha, kioo kinakuandikia kwa Kiingereza kwamba umekwisha, jambo ambalo wakati huo unalijua tayari.

Hoteli ikafufuka. Sambusa zikawa zinakwisha kabla ya adhuhuri. Mjomba, ambaye alikuwa amekwisha kumwambia mama kwamba atafunga aende Marereni kutafuta kazi ya kuchota chumvi, kwa umri ule na goti lile bovu, akaacha kuitaja Marereni. Mama akaacha kulia jikoni. Hayo yote kwa ajili ya wadudu.

Sasa, mashine ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ilikuwa inaandika pointi za juu na herufi tatu za jina la aliyezipata, lakini umeme ukikatika, au mjomba akizima anapofunga hoteli, inasahau kila kitu. Kila asubuhi inaamka haimjui mtu. Kwa hiyo hapakuwa na kijana Malindi nzima ambaye hakuwa bingwa wa jana.

"Jana ulikuwa wapi nilipoivunja rekodi?"

"Nilikuwa nyuma yako, nikikutazama unavyovunjika."

Kelele hizi zikamchosha mjomba, akatangaza mashindano. Zawadi ni mbuzi. Mbuzi akatafutwa Jilore na yule fundi, akaletwa, akafungwa uani kwetu. Nikauliza kwa nini kwetu. "Kwenu kuna ua," mjomba akasema, "halafu wewe upo nyumbani." Hayo maneno, wewe upo nyumbani, ndiyo yaliyoniharibia ujana wangu. Mtu akipenda mkeka wake na kitabu chake baada ya alasiri, anahesabiwa kuwa mtu asiye na kazi, na vitu vyote visivyo na pa kukaa vinaletwa kwake, wakiwemo mbuzi.

Wazee wa msikiti nao wakamwita mjomba. Hawakuwa wakali. Walikuwa na neno moja tu, kwamba vijana wameanza kuja sala ya magharibi wakiwa wamechelewa, wengine hawaji kabisa, na siku ya mashindano itakuwaje. Mjomba, kwa furaha yake ya sambusa, akawaapia: siku hiyo, kabla ya adhana ya magharibi, mashine itakuwa imezimwa. Isipozimwa, kesho yake yeye mwenyewe anairudisha kwenye mkokoteni. Mwenyekiti wao, mzee mmoja aliyestaafu ukarani bandarini na ambaye hakuwa akisema neno pale ambapo kutikisa kichwa kungetosha, alimwambia, "Neno lako tumelishika."

Mjomba alitusimulia hayo kama mtu aliyeshinda kesi. Mama alinitazama. Mimi nilimtazama mbuzi.

Basi ikabidi kuchagua mtindo wa mashindano, na wapi pa kukutana ila barazani kwetu, maana mimi nipo nyumbani. Tulikuwa wanne: mjomba, fundi, mimi, na mwadhini wa msikiti uleule, kijana mwenzangu, mwenye sauti ya kumtoa mtu usingizini bila kumkasirisha. Yeye alitumwa na wazee aangalie mambo yanavyopangwa. Nilidhani mambo kama hayo yanapangwa kwa kikao kimoja. Walikuja kila siku baada ya alasiri, saa ileile ninayotandika mkeka, wakakaa hadi chai ya mama ikaisha.

Fundi alitaka mtoano. "Kama mpira. Ukifungwa, kwenu."

"Mtu atoke Matsangoni asubuhi na mapema," mwadhini akasema, "aje apigwe mara moja arudi? Huyo atakuwa amekuja kutusalimia tu."

Yeye alitaka ligi, kila mmoja akutane na kila mmoja, ndiyo haki. Fundi akachukua kaa lililozimika, akaanza kuchora mistari ukutani petu, ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya Idi, akiunganisha kila mchezaji na wenzake wote, mpaka ikawa kama wavu wa kuvulia dagaa. Akasimama nyuma akautazama. "Mashine ni moja," akasema. "Hii ligi yako Ramadhani itaingia, itoke, na sisi tungali hapa."

Mjomba yeye alikuwa na lake, na hakulibadilisha hata siku moja. Anayeshinda akae, anayeshindwa ainuke, kama tunavyocheza karata na dama. Na anayeinuka awanunulie chai wanaongoja.

"Mjomba, hayo si mashindano. Hiyo ni njama ya kuuza chai," nikasema.

"Na chai ina kosa gani?"

"Na akikaa mmoja asiinuke?"

"Basi wengine watakunywa."

Ng'ambo ya kichochoro chetu, mlango kwa mlango, alikuwapo mama mmoja jirani aliyekuwa akipika mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni. Karai lake liliwekwa mahali ambapo hakuna neno la barazani kwetu lililompita. Siku ya tatu au ya nne ya vikao, wakati fundi anarudia mtoano wake tangu mwanzo, aliinua kichwa akauliza, "Nyinyi mwachagua mchezo au mwachagua mke?"

Hapo ndipo nilipochoka. Sikuwa nimefikiri kitu. Nilikuwa nimeegemea ukuta wenye ligi ya mkaa, kanzu yangu imeshakuwa nyeusi mgongoni, na mkeka wangu naona ncha yake ndani kupitia mlangoni. Nikasema, "Kila mtu sarafu moja. Mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Basi."

Wakanyamaza wote. Ni jambo la kutia hofu watu waliobishana siku zote hizo wakinyamaza kwa ajili yako.

"Hakuna kukutana na mtu?" fundi akauliza.

"Unakutana na wadudu."

"Na muda?" mjomba akauliza. "Magharibi haitungoji."

Ndipo tukaondoka sote kwenda hotelini kupima, na nikapima kama nilivyokwisha kueleza. Mwenye kahawa alikuwa akipita na mabirika yake, mjomba akanunua kikombe, na kabla hajakimaliza mimi nilikuwa sina roho. Tukarudia, ikawa hivyohivyo. Hesabu ikawa nyepesi mno: kati ya alasiri na magharibi vinaingia vikombe vya mji mzima.

"Na hapa umempima nani?" fundi akaniuliza.

"Mchezaji wa kawaida."

"Nimewaona vijana wakisimama pale hadi chai inaota utando."

"Hao wanasimama tu," nikasema.

Mwadhini naye alikuwa amenunua kikombe. Alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe chake. Nilichukulia kwamba anaipenda kahawa.

Siku ilipofika walikuja wa Malindi, wa Mambrui, wawili watatu wa Marereni waliokauka midomo kwa chumvi, na kijana mmoja mshoni wa nguo kutoka Matsangoni aliyekuja na vidole vyembamba na maneno machache. Tukapiga kura kwa vijiti, mwadhini akatoka wa mwisho. Nikasoma kanuni, maana mimi ndiye niliyezitunga: sarafu moja, mtu anacheza hadi roho zimwishe, pointi zinabaki kwenye mashine, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuandika wala kubishana. Mjomba alinipiga begani mbele za watu.

Wa kwanza alikwenda kikombe kimoja, hakukosea hata funda. Wa pili vivyo hivyo. Nikaanza kutembea mikono nyuma. Wa tatu alikufa haraka kuliko mimi, jambo lililonifariji kwa namna ambayo si ya kujivunia.

Kisha akasimama yule mshoni. Akatia shilingi yake, akasogeza kichombo hadi pembeni kabisa mwa kioo, akatulia pale, na wadudu wakawa wanashuka mmojammoja wanakuja kufa mbele yake kama waliokuja kupimwa nguo. Mwenye kahawa akapita. Akaenda kona ya soko akarudi. Akapita tena. Mshoni hajapoteza hata roho moja.

"Hicho kikombe chako," fundi akaninong'oneza, "kina kitako kirefu."

Kumbe ilikuwa siri ya kila mtu ila mimi. Miezi yote ile niliyolala juu ya mkeka nikijiona mwenye busara, wenzangu walikuwa wamesimama pale wanajifunza pembe. Mmoja baada ya mwingine wakaenda pembeni, wakatulia, wakaishi. Watu wanafurahi, sambusa zinakwenda, na jua nalo linakwenda.

Halafu likaja la majina. Mashine inapokea herufi tatu tu. Watoto wa kiume wa mji wetu, wazazi wao walimpenda Mtume, na hawakumuuliza mtengenezaji wa mashine. Nusu ya wachezaji walikuwa na jina moja, na wengine walikuwa na majina tofauti yanayoanza kwa herufi zilezile. Ikafika mahali ubao wa pointi umeandikwa herufi zilezile tatu toka juu hadi karibu na chini, kama mtu aliyekwama akisema.

"Sasa anayeongoza ni yupi?" fundi akauliza.

"Huyu wa juu."

"Wa juu ni yupi?"

Vijana watano wakasema, "Mimi."

Niliwaambia tutalitengeneza mwishoni, kila mtu akumbuke pointi zake. Kila mtu alizikumbuka vizuri sana, na kila nilipomuuliza mtu, zilikuwa zimeongezeka.

Zamu ya mwadhini ilipofika, mwanga uliokuwa ukiingia mlangoni ulikuwa umeshakuwa wa manjano. Mwenyekiti wa msikiti alikuwa amekuja mapema, akaomba kiti, akakiweka nje akitazama ndani, bakora kati ya magoti. Ingekuwa heri kama angesema neno.

Mwadhini akapandisha mikono ya kanzu, akatia sarafu, akaenda pembeni. Na hapo ndipo nilipolielewa lile tabasamu la ndani ya kikombe. Mtu huyu alikuwa na muda wote uliopo baina ya adhuhuri na alasiri, hoteli ikiwa tupu na vijana wako chuoni, na hakuupoteza. Mkono wake ulikuwa hautetemeki. Wadudu walikwisha, wakaja wengine wa rangi nyingine, wakaisha nao.

Mjomba alikuwa anafuta meza moja ileile tangu zamani. Akanisogelea. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Amalize."

"Kanuni inasema hadi roho zimwishe."

"Nani aliyeiweka kanuni hiyo?"

"Mimi."

"Basi mwambie."

Mtu anamwambiaje mwadhini kwamba wakati wa adhana umekaribia? Ni kama kuiambia saa itazame saa. Nikaenda nikasimama kando yake, nikakohoa, nikarudi. Mjomba aliacha kufuta meza. Uso wake nauona hata leo. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu ya njia ya kwenda Marereni na goti lake.

"Nizime?" fundi akauliza. Alikuwa amechutama karibu na plagi.

"Ukizima, pointi za wote zimefutika," nikasema. "Tutakuwa hatuna mshindi."

"Na asipozima," mjomba akasema, "tutakuwa hatuna mashine."

"Nawasikia," mwadhini akasema bila kugeuka. "Jua liko wapi?"

"Limeshaingia kwenye minazi," mtu wa mlangoni akamjibu.

Mwadhini hakuguna, wala hakuweka uso wa kusikitika. Alinishika mkono, akauweka juu ya kijiti, akasema, "Nishikie," akatoka. Nyuma yake ziliachwa roho mbili nzima, na mimi.

Ilikuwa wazi la kufanya. Nizimalize zile roho upesi, kioo kiandike pointi, tuzisome, tuzime, yote kabla hajafika kwenye kipaza sauti. Katika mji mzima wa Malindi hapakuwa na mtu aliyefaa kwa kazi hiyo kunishinda. Mjomba akasema sikioni mwangu, "Haya. Kufa."

Sikufa. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata kichombo kikawa kinakwenda huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba, na kila risasi iliyoteremka ilipita pale kilipokuwa. Nilikipeleka katikati ya wadudu, wakapishana nacho. Watu waliokuwa hawajawahi kunitazama nikicheza wakaanza kushangilia.

"Wewe," fundi akasema, "mbona unaishi?"

"Nafanya ninavyoweza."

"Mara zote wafa bila kuombwa," mjomba akasema, "leo nakuomba."

Roho moja ikatoka. Nikashukuru kwa sauti. Ikabaki moja, na hiyo ikawa ngumu kama paka. Ndipo tukasikia kutoka msikitini, fuu, fuu, mwadhini anavyopuliza kipaza sauti kila siku kabla hajaanza. Nje, mwenyekiti akaegemea bakora yake akasimama.

Mjomba alinipita, akamsukuma fundi kando, akaishika plagi akaing'oa ukutani. Kioo kikakunjamana kikawa nukta nyeupe, nukta ikazimika. Kisha adhana ikaanza.

Tukaenda kusali sote, hata ambao kwa kawaida huwa na udhuru. Sidhani kama safu yetu ilikuwa na moyo uliotulia. Tulipotoka, mwadhini alinikuta mlangoni nikitafuta ndara.

"Nilifika ngapi?" akaniuliza.

Nilizitafuta zile ndara kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyuma yangu vijana watano walikuwa wameshaanza kumpongeza kila mmoja nafsi yake.

Mwenyekiti akamwendea mjomba, akamshika mkono. "Neno lako tumeliona," akasema. "Mashine na ikae." Halafu, kwa mtu asiyependa maneno, akaongeza mengi. "Lakini hayo mashindano, tafadhali, apange mtu mwingine."

Mjomba alirudi hotelini akicheka peke yake, akiburuta goti lake. Nilimfurahia kwa dhati, kwa muda mfupi, mpaka aliponishika bega. "Kesho baada ya alasiri," akasema, "tukutane kwenu tuchague upya. Fundi ana neno jipya juu ya mtoano."

Asubuhi niliamka nikakuta mbuzi amekula mrehani wote wa mama, na mama amenituma mahamri kwa sauti ambayo haikuhitaji nijibu. Nikavuka kichochoro. Nikamwamkia yule jirani, shikamoo, akaniitikia marahaba akigeuza mahamri yake karaini, na kwa kuwa hakuniuliza kitu, mimi nikajieleza. Nikamwambia mtindo niliouchagua ulikuwa sahihi, kilichokosewa ni kipimo, na majina, na ule mkono uliotetemeka, na kwamba mtu mwenye elimu anaweza kukosea kipimo bila kukosea hoja. Alinisikiliza hadi mwisho. Akayatoa mahamri, akayakung'uta mafuta, akanifungia kwenye gazeti.

"Mwanangu," akasema, "wewe hukutafuta mshindi. Ulitafuta njia ya kurudi kulala, na hata hiyo umeikosa."